Jeshi na Sayansi katika Aktiki: Tatizo la Neno "Msaada"

Mapema mwaka huu idara ya istilahi ililetewa mswada wa tafsiri, kurasa arobaini hivi, uliokusudiwa walimu wa jiografia wa shule za sekondari. Mswada huo ulieleza jinsi barafu ya Bahari ya Aktiki inavyopimwa na jinsi inavyozidi kupungua. Mfasiri alikuwa mtu mwangalifu na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo sentensi moja ilijirudia humo kwa sura mbalimbali: "Jeshi la Marekani lilitoa msaada kwa wanasayansi." Msomaji wetu akikutana na sentensi hiyo ataona picha gani? Bila shaka ataona askari wanaogawa chakula kwa watu waliofikwa na mafuriko, au daraja lililojengwa na wanajeshi baada ya masika. Msaada, kwa Kiswahili, hutolewa na mwenye nacho kwa asiye nacho, tena bure, na anayepewa hushukuru.

Yaliyotendeka Aktiki hayakuwa hivyo, au tuseme hayakuwa hivyo tu. Neno moja la Kiingereza limefunika mahusiano matatu yasiyofanana, na mfasiri anapotia neno moja la Kiswahili mahali pake huyafunika mara ya pili. Kwa kuwa mtu hawezi kuunda istilahi ya jambo asilolijua, makala haya yataeleza kwanza jambo lenyewe, kisha maneno.

Tuanze na mahali. Aktiki ni eneo la kaskazini kabisa ya dunia, ambalo kati yake ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Antaktiki, kusini, ni bara lililozungukwa na bahari. Ncha ya Kaskazini ni nukta moja tu ndani ya Aktiki, wala haifai kutumiwa kama jina la eneo zima. Kuhusu barafu na theluji, wengi hudhani kwamba maneno haya mawili yaligawana kazi tangu mwanzo. Sivyo. "Barafu" limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya theluji, na "theluji" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo. Ni sisi wenyewe tuliowagawia kazi wageni hawa wawili: theluji ikawa ile iangukayo laini kutoka mawinguni, barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa magumu. Mgawanyo huo ni mzuri na yafaa uheshimiwe. Lakini katika Aktiki hautoshi, kwani kuna barafu ya bahari, ambayo ni maji ya chumvi yaliyoganda juu ya bahari yenyewe, na kuna barafu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland, ambayo ni theluji ya miaka maelfu iliyogandamizwa na uzito wake. Ya kwanza hupimwa kwa mita chache. Ya pili hufikia kilomita tatu. Katika mswada tuliouletewa zote mbili ziliitwa "barafu" bila kivumishi chochote, hata katika aya moja.

Sasa tuje kwenye jeshi. Tarehe 3 Agosti 1958 nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus ilipita chini ya barafu katika Ncha ya Kaskazini. Iliendeshwa kwa nguvu za nyuklia, kwa hiyo haikulazimika kuibuka mara kwa mara kutafuta hewa kwa ajili ya injini zake. Tarehe 17 Machi 1959 nyambizi nyingine, Skate, iliibuka penye ncha hiyo hiyo kwa kuipasua barafu. Safari kama hizi zilikuwa za kivita. Nahodha wa nyambizi alihitaji kujua mambo mawili: dari ya barafu iliyo juu yake inashuka hadi wapi asije akaigonga, na ni wapi barafu ni nyembamba kiasi cha kuweza kuibuka. Kwa ajili hiyo mwanafizikia wa jeshi la wanamaji, Waldo Lyon, aliongoza kwa miaka mingi kazi ya kutengeneza sona ielekeayo juu. Mtambo huu hutoa sauti kuelekea kwenye barafu na kusikiliza mwangwi wake. Kutokana na muda unaopita kati ya sauti na mwangwi hupatikana umbali wa kufika kwenye uso wa chini wa barafu. Kina cha nyambizi hujulikana kwa mgandamizo wa maji. Ukitoa umbali ule katika kina hiki, unapata ni mita ngapi za barafu zimezama chini ya usawa wa bahari.

Hebu tusimame hapa, maana hapa ndipo kosa kubwa la mswada lilipokuwa, na kosa hilo asili yake ni mwandishi wa makala haya. Miaka kadhaa iliyopita nilipotayarisha orodha fupi ya istilahi za hali ya hewa, kipimo hiki nilikiandikia "unene wa barafu". Mfasiri aliiamini orodha. Lakini nyambizi haipimi unene. Barafu ya bahari huelea, na takriban sehemu tisa kati ya kumi huwa majini, moja ikabaki juu. Nyambizi hupima ile sehemu iliyozama peke yake.

Je, tofauti hii ndogo ina uzito gani? Mwaka 1999 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Washington, D. Andrew Rothrock, Yanling Yu na Gary Maykut, walilinganisha vipimo vya nyambizi vya miaka ya 1958 hadi 1976 na vile vya miaka ya 1993 hadi 1997, katika sehemu kubwa ya Aktiki yenye kina kirefu. Waliona kwamba mwishoni mwa majira ya kuyeyuka, sehemu iliyozama ilikuwa imepungua kutoka wastani wa mita 3.1 hadi mita 1.8. Hilo ni pungufu la mita 1.3, yaani zaidi ya sehemu mbili kati ya tano. Ni miongoni mwa taarifa zilizowashtua sana wataalamu wa hali ya hewa katika miaka ile. Baadaye zikaja setilaiti, kama ICESat ya Marekani iliyopima kati ya 2003 na 2009 kwa mwali wa leza, na CryoSat-2 ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2010, ipimayo kwa rada. Setilaiti hizi hutazama kutoka juu, na msingi wa vipimo vyake ni ile sehemu ichomozayo juu ya maji. Mwalimu akiwekewa jedwali lenye takwimu za nyambizi na za setilaiti, zote zikiitwa "unene", atamfundisha mwanafunzi kwamba barafu ya mita tatu imegeuka kuwa barafu ya sentimita thelathini. Atakuwa amefundisha uongo, na lawama si yake.

Turudi kwenye neno "msaada". Vipimo vya miaka ya 1958 hadi 1976 havikuchukuliwa kwa ajili ya wanasayansi wa kiraia. Vilichukuliwa kwa ajili ya manahodha. Sayansi ilivirithi baadaye. Huu ndio uhusiano wa kwanza: jeshi hufanya utafiti wake lenyewe, kwa haja zake lenyewe, na matunda yake huja kuwafaa wengine. Kuuita msaada ni sawa na kumwita mkulima mfadhili wa ndege waliookota nafaka shambani mwake.

Na nafaka hiyo haikuokotwa hivi hivi. Takwimu za nyambizi zilikuwa siri, kwa kuwa aliyejua nyambizi ilipita wapi na lini angeweza kubashiri itapita wapi kesho. Katika miaka ya 1990, vita baridi vilipokwisha, Al Gore, kwanza akiwa seneta na kisha makamu wa rais, alikuwa miongoni mwa waliohimiza kwamba taarifa za aina hii zitolewe kwa wanasayansi. Zikatolewa kwa masharti. Eneo la bahari ambalo takwimu zake ziliruhusiwa liliwekewa mipaka. Mahali pa kipimo katika safari nyingi za zamani palitajwa kwa kukadiria hadi dakika 5 za latitudo na longitudo, na dakika 5 za latitudo ni karibu kilomita 9. Tarehe nayo haikutajwa kwa siku, bali kwa theluthi ya mwezi. Unene wa wino ulibaki. Nyayo za nyambizi zilifutwa.

Mfasiri wetu alikuwa ameandika kwamba jeshi "lilifichua siri zake" na kwamba takwimu "zilibadilishwa" kabla ya kutolewa. Watumishi wa serikali wanaosoma jarida hili wataelewa mara moja ubaya wa maneno hayo. Anayefichua siri ya ofisi anavunja sheria na huenda akafungwa. Mwenye mamlaka ya kufuta muhuri wa SIRI uliopigwa juu ya jalada anatimiza wajibu wake. Na takwimu iliyobadilishwa ni takwimu ya kughushi, ambapo takwimu iliyotajwa kwa kukadiria ni ya kweli, ila imepunguziwa usahihi kwa makusudi na kwa uwazi. Tunapendekeza "kuondoa sirini" kwa kitendo cha kwanza, ili tuweze kusema "takwimu zilizoondolewa sirini", na "kupunguza usahihi" kwa cha pili. Hayo si maneno mapya. Ni ya kawaida yaliyopewa kazi maalumu, na mara nyingi istilahi bora ndiyo hiyo.

Uhusiano wa pili ni wa mapatano. Mwaka 1993 nyambizi Pargo ilichukua wanasayansi wa kiraia katika safari ya majaribio, kisha kwa mapatano kati ya jeshi la wanamaji na taasisi za sayansi zikafuata safari tano, mwaka hata mwaka, kuanzia 1995 hadi 1999: Cavalla, Pogy, Archerfish, na Hawkbill mara mbili. Safari hizo huitwa kwa ufupisho SCICEX. Wanasayansi walilala katika vyumba vya mabaharia, walichota maji kutoka vina mbalimbali, walipima chumvi na joto, na katika safari mbili za Hawkbill walichora ramani ya sakafu ya bahari kwa mitambo iliyofungwa chini ya tumbo la nyambizi. Mapatano ya safari maalumu yalipokwisha, jeshi lilikubali jambo dogo zaidi: nyambizi ipitayo Aktiki kwa kazi zake itenge muda kidogo na kuchukua vipimo, bila mwanasayansi ndani. Hapa neno "ushirikiano" lafaa kwa zile safari tano, kwa kuwa pande zote mbili zilikaa mezani zikapanga pamoja. Kwa kile kilichofuata, ushirikiano ni neno kubwa mno. "Upimaji wa njiani" litatosha.

Uhusiano wa tatu uko Greenland, na umetupa taabu zaidi.

Kati ya 1959 na 1960 wahandisi wa jeshi la nchi kavu la Marekani walijenga Camp Century ndani ya barafu ya kaskazini-magharibi ya Greenland, zaidi ya kilomita 200 kutoka kituo cha Thule, ambacho siku hizi huitwa Pituffik. Walichimba mahandaki katika theluji, wakayaezeka, wakaweka humo mabweni, maabara na kinu kidogo cha nyuklia cha kutoa umeme. Magazeti na filamu za wakati ule ziliisifu kambi hiyo kama mji wa utafiti chini ya barafu. Ilikuwa hivyo, lakini nyuma yake palikuwa na mpango ambao haukuelezwa hadharani, wa kusambaza mahandaki maelfu ya kilomita na kuficha humo makombora yapatayo 600. Mpango huo, ulioitwa Iceworm, ulijulikana kwa umma katika miaka ya 1990 tu. Wala haukutekelezwa, kwa sababu barafu haikutulia: mahandaki yalibanwa na kupindika upesi kuliko ilivyotazamiwa, na kufikia mwaka 1967 kambi ilikuwa imeachwa. Taka zake bado zimezikwa humo.

Basi tuseme sayansi ilikuwa kisingizio? Mfasiri mmoja alituambia hivyo, na kwa maoni yangu alikwenda mbali mno. Mwaka 1966, katika kambi hiyo hiyo, wataalamu wa maabara ya jeshi ya maeneo ya baridi walichimba hadi wakafika chini kabisa ya barafu, karibu mita 1,390, na ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kupenya barafu ya Greenland mpaka kwenye ardhi. Mwanasayansi wa Denmark, Willi Dansgaard, alipima isotopu za oksijeni katika barafu iliyotolewa, na mwaka 1969 yeye na wenzake wakatangaza historia ya hali ya hewa ya miaka 100,000 hivi. Wachimbaji walitoa pia mita 3.4 za udongo ulioganda chini ya barafu. Udongo huo ulisahauliwa katika majokofu kwa miongo mingi. Ulipochunguzwa upya, taarifa ya mwaka 2021 ilieleza kwamba ndani yake kuna vijiti na majani, na taarifa ya mwaka 2023 ikaonyesha kwamba mahali pale palikuwa hapana barafu kiasi cha miaka 416,000 iliyopita. Kisingizio hakizai matunda ya namna hiyo. Kwa hali kama hii, ambapo kazi mbili hukaa chini ya paa moja na moja huifunika nyingine, neno "kivuli" lafaa zaidi: utafiti uliofanyika chini ya kivuli cha jeshi. Kivuli humkinga mtu na jua, na vilevile humficha.

Kile kipande cha barafu kinachotolewa kwa kuchimba mfasiri alikiita "kiini cha barafu". Nimewauliza walimu watatu wanaelewa nini kwa maneno hayo; wote walisema ni sehemu ya katikati ya barafu, kama kiini cha yai. Lakini kitu chenyewe ni kirefu, cha mviringo, kinachotolewa kipande baada ya kipande na kukatwa ili kuchunguzwa. Katika maduka yetu kitu kirefu kinachokatwa hivyo kimekwisha kupata jina: mche wa sabuni. Nacho Kiswahili cha hisabati kina mcheduara. Kwa hiyo twapendekeza "mche wa barafu", wingi "miche ya barafu". Wako watakaosema kwamba mche ni mti mchanga. Ni kweli, lakini hakuna mtu aliyewahi kwenda dukani kununua mche wa sabuni akarudi nao kuupanda. Istilahi hii itatufaa hata nyumbani, kwa maana mwaka 2000 miche ya barafu ilichimbwa katika kilele cha Kilimanjaro, bila jeshi lolote.

Limebaki jambo la ndege. Kikosi cha 109 cha uchukuzi wa anga, chenye makao Scotia katika jimbo la New York, huendesha ndege aina ya LC-130 zenye magurudumu na pia skii, yaani mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Ndizo ndege kubwa kuliko zote duniani zenye skii. Kikosi hicho kilianza kazi ya Greenland mwaka 1975 kwa kupeleka shehena kwenye mitambo ya rada iliyojengwa juu ya barafu kuilinda Amerika Kaskazini dhidi ya ndege za Kisovieti. Mitambo ikafungwa, ujuzi wa kutua kwenye theluji ukabaki, na sayansi ikautumia. Kituo cha Summit, chenye kimo cha zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, hupelekewa watu, mafuta na vyakula kwa ndege hizi. Huko ndiko uchimbaji wa Kimarekani ulikofika ardhini mwaka 1993 baada ya kupenya mita 3,053 za barafu.

Kikosi hiki mswada ulikiita "mgambo wa anga". Mgambo tunaowajua sisi ni raia wa kijijini au mjini wenye mafunzo mafupi. Marubani hawa ni askari wa akiba wa jimbo, wenye mafunzo kamili. "Jeshi la akiba la anga" linatosha. Lililo kubwa zaidi ni kwamba safari zao hazitolewi bure. Taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani hulirudishia jeshi gharama. Mwenye lori anayelipwa nauli hatumwiti mfadhili, hata kama hakuna lori lingine liwezalo kupita barabara ile. Kila ofisi ya serikali ina maneno ya jambo hili tayari: "uchukuzi na ugavi". Basi popote maandishi ya asili yanapohusu ndege, mafuta na shehena, mfasiri na aandike kwamba jeshi "hutoa huduma ya uchukuzi na ugavi", na akijua kwamba kuna malipo aongeze "kwa malipo". Neno "kuwezesha", ambalo mwenzetu mmoja alilipendekeza litumike kila mahali, tumelikataa kwa sababu ile ile iliyotufanya tulikatae "msaada": linafunika kila kitu na halisemi chochote.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri pamoja na mapendekezo haya, naye ameyakubali isipokuwa moja, na kwa hilo ana haki. Kwa sehemu ya barafu iliyozama nilikuwa nimependekeza "mzamo", na kwa ile ichomozayo "mwibuko", ili mzamo na mwibuko vikijumlishwa viwe unene. Hesabu inakwenda vizuri, lakini mfasiri anasema kwamba yeyote asikiaye "mzamo" atafikiri juu ya meli iliyopotea na watu wake. Manahodha wa majahazi hutazama kila siku ni kiasi gani cha ubavu wa chombo kimeingia majini kabla ya kukubali mzigo zaidi, na ni vigumu kuamini kwamba hawana neno lao la kipimo hicho. Kamusi tulizonazo hazikutusaidia. Wasomaji walio Lamu, Mombasa, Tanga, Pemba, Unguja, Kilwa na Mtwara wanaombwa waulize bandarini na kutuletea neno hilo pamoja na sentensi moja au mbili za matumizi yake, kama wazisemavyo mabaharia wenyewe. Hadi hapo kitabu cha walimu kitatumia "sehemu iliyozama", maneno mawili badala ya moja.